Msemaji wa Mwaka Huu

Katika kiwanda cha Ketkar, mtu aliyepanda jukwaani Siku ya Kampuni ndiye aliyetawala mwaka mzima uliofuata. Jambo hili halikuandikwa mahali popote, lakini wafanyakazi wote mia mbili na arobaini walilijua, kuanzia mafundi wa mashine hadi mfagiaji wa lango la nyuma. Mwenye kiwanda, Bwana Shrirang Ketkar, alitengeneza mikono ya masufuria ya presha, na hakuwahi kusikiliza neno la mtu aliyemlipa mshahara. Ukimwambia paa linavuja, anakuuliza nani amekutuma. Ila mgeni akishapewa maikrofoni na shada la maua, basi! Bosi anakaa kiti cha mbele, anafungua daftari, anaandika kila kitu kama mtoto wa darasa la tatu. Jumatatu inayofuata yale maneno yanakuwa sheria.

Mwaka juzi aliletwa mpanda milima aliyeacha vidole viwili vya mguu kwenye barafu. Jumatatu lifti ikafungwa, na mpaka leo akina mama wa uhasibu wanapanda ghorofa nne wakihema. Mwaka jana akaja kijana kutoka Mumbai, viatu vyekundu, akasema tai huruka peke yake na wanaoruka kwa makundi ni kunguru. Jumatatu meza ndefu za kantini zikatolewa, zikaletwa vimeza vya mtu mmoja mmoja. Watu waliokula pamoja miaka kumi na tano, wakimegeana chapati na kuonjeshana achari, wakaanza kula wamepeana migongo kama waliogombana.

Mwaka huu kazi ya kumtafuta msemaji ilimwangukia Mrunal Dhamdhere, msaidizi wa meneja wa utumishi. Meneja mwenyewe alidai mgongo unamsumbua. Mgongo wa meneja yule ulikuwa na akili sana. Ulijua kuuma siku zenye lawama tu.

Mrunal alikuwa mjane wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti nzuri ya kutangaza iliyomponza tangu shule, maana kila shughuli ilikuwa "mpeni Mrunal maikrofoni." Alikuwa na binti mmoja, Revati, wa miaka sita. Mtoto alilelewa na bibi yake kijijini, upande wa Sangli, kwa sababu hapa Nashik hakukuwa na wa kumpokea akitoka shule, na mama yake alitoka kazini saa moja na nusu jioni. Toka Nashik mpaka kijijini ni saa tisa za basi. Kiwanda kilifanya kazi siku sita. Ukipanda basi Jumamosi jioni unafika Jumapili asubuhi. Unamwogesha mtoto, unamsuka, unamlisha kwa mkono wako, na saa nane mchana tayari unakimbilia stendi. Safari hiyo Mrunal aliifanya mara moja kila miezi miwili, na kila mara Revati alimng'ang'ania sari na kulia mpaka kondakta mwenyewe akatazama pembeni.

Laiti Jumamosi ingekuwa siku ya mapumziko! Hata Jumamosi mbili tu kwa mwezi. Mrunal alishaandika maombi mara tatu, kwa heshima zote, akitaja viwanda vya jirani vinavyofanya hivyo. Mara mbili hakujibiwa. La tatu lilirudi na maneno ya kalamu nyekundu: "Nani amekutuma?"

Na sasa mtu huyohuyo alikuwa amemwambia akatafute kinywa ambacho yeye atakisikiliza. Mrunal hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Habari ikaenea kiwandani kabla ya chai. Wa kwanza kufika mezani kwake alikuwa Ninad wa mauzo, kijana wa maneno mengi.

"Dada Mrunal, tuletee mcheza kriketi. Yeyote. Hata aliyewahi kubeba maji tu."

"Halafu Jumatatu tuamrishwe kukimbia uwanja mara kumi?"

"Bora kukimbia kuliko kula nimeutazama ukuta, dada. Ule ukuta sasa naujua kuliko mke wangu."

Wakaja akina mama wa uhasibu, wawili, wamesimama mlangoni wakishika magoti. "Mwanetu, tafuta daktari wa mifupa. Aseme neno moja tu, lifti. Tutakuombea mpaka unakufa." Mzee Pagare, fundi umeme aliyesimamia vipaza sauti vya shughuli zote, yeye hakuomba kitu. "Mlete umtakaye, binti," alisema. "Mimi nawasha na kuzima tu." Na mke wa bosi, Bi Sharvari, alipiga simu mwenyewe kumpendekeza mwalimu wake wa yoga, anayefundisha watu kucheka alfajiri kwa afya. Mrunal aliona picha yote hapo hapo: watu mia mbili na arobaini uwanjani saa kumi na moja na nusu, wanacheka kwa amri.

Lakini Mrunal alikuwa na mtu wake. Alimsikia mwaka uliopita katika ukumbi wa maktaba ya mtaani, alikoingia kukwepa mvua. Bwana Achyut Phadnis, mzee wa miaka themanini na moja, aliyekuwa na kiwanda kikubwa cha minyororo ya baiskeli. Mzee huyu alisimama bila karatasi, na kwa nusu saa nzima alijisifu. Alifanya kazi miaka ishirini na sita bila siku moja ya mapumziko. Diwali yuko kiwandani, harusi ya dada yake yuko kiwandani. Mrunal alikuwa anataka kuondoka, mvua au si mvua. Ndipo mzee akabadilika sauti. Akasema kwamba katika mwaka wa ishirini na sita, Jumapili moja mchana, mkewe alianguka jikoni. Mtu alitumwa kiwandani kumwita, akafika mpaka mlango wa ofisi, na hakuna aliyethubutu kumfungulia, kwa sababu tajiri alishasema asisumbuliwe. Mzee aliambiwa saa kumi na mbili jioni, zamu ilipokwisha. Mkewe alikuwa ameshakufa saa nne kabla ya hapo.

Baada ya mazishi alifunga kiwanda Jumamosi na Jumapili, akafungua mlango wa ofisi yake ukabaki wazi. Na minyororo, alisema mzee, ilizidi kutoka mingi kuliko zamani, maana watu walirudi Jumatatu wakiwa watu. Ukumbi mzima wa maktaba ulilia. Mrunal alilia mpaka mtu asiyemjua akampa leso.

Alimfuata mzee nyumbani kwake. Mzee alikubali mara moja. Hakutaka malipo, alitaka tu arudishwe kabla ya usingizi wake wa mchana.

Kwa desturi ya kampuni, bosi hupelekewa majina matatu achague moja. Mrunal alipanga majina yale kwa ujanja, kama mtu anayemuuzia ng'ombe shemeji yake. La kwanza lilikuwa la msichana wa miaka ishirini na tatu aliyepata umaarufu kwa video za simu. Bosi hawezi kufundishwa na msichana. La pili lilikuwa la jamaa aitwaye Simba wa Surat, anayewatembeza watu peku juu ya makaa ya moto. La tatu, Phadnis.

Bosi aliitazama picha ya yule msichana na kuiweka kando. Picha ya Simba aliishika muda mrefu.

"Makaa," bosi alisema. "Makaa yanamtoa mtu woga. Hili nalipenda."

"Ni mzuri sana, bosi. Ana sharti moja tu. Kiongozi wa kampuni ndiye anayetangulia."

Bosi alitazama chini, kwenye soksi zake. Kisha akachukua picha ya tatu. "Phadnis yupi huyu? Wa minyororo?"

"Ndiye huyo. Miaka ishirini na sita bila siku moja ya mapumziko, bosi." Alijua samaki huyu anameza chambo gani. "Ila mwisho wa hotuba yake ndio hasa wa kuusikiliza. Anaeleza namna uzalishaji ulivyopanda."

"Ishirini na sita," bosi alinong'ona kwa mapenzi. "Huyu. Huyu ndiye."

Mrunal alitoka amejaa furaha. Jioni ile alipompigia binti yake alishindwa kujizuia, akamwambia kwamba baada ya Siku ya Kampuni mama atakuja na kukaa siku mbili nzima. "Siku mbili na kulala?" Revati aliuliza. "Na kulala." Bibi yake akachukua simu na kusema kwa sauti ya chini, "Mrunal, usimwahidi mtoto kitu kilicho mkononi mwa mtu mwingine." Mrunal alimwambia mama yake asiwe na wasiwasi.

Siku ya Kampuni ilikuwa Jumamosi. Mrunal aliandika ratiba safi: saa tatu kuwasha taa ya mafuta ya ufunguzi, saa tatu na robo kuwatunuku wafanyakazi bora sita, saa nne Bwana Phadnis, saa tano na nusu shukrani na wimbo wa taifa, kisha chakula. Alihesabu mara mbili, akaona mzee ana saa moja na nusu, yaani nafasi ya kujisifu, kulia na hata kunywa maji.

Ratiba ile ilipelekwa nyumbani kwa Bi Malatibai, mama mzazi wa bosi, ambaye kiwanda kizima kilimwita Bibi Mkubwa. Ikarudi imechorwa. Jumamosi, kuanzia saa tatu mpaka saa nne na nusu asubuhi, ni saa za mkosi; kalenda ya kila jikoni inaonyesha hivyo, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayewasha taa ya jambo jema saa hizo. Mrunal alijipiga kofi la paji la uso. Kalenda ile ilining'inia nyuma ya kiti chake mwaka mzima. Taa ikasogezwa mpaka saa nne na nusu.

Bado hakuogopa. Alikuwa na muda wa kutosha, kama watu sita wangebaki sita.

Hawakubaki. Kwa Ketkar, kumtunuku mtu maana yake ni shali ya mabegani, nazi mkononi, shada la maua, kusimama kwa picha, na kuinama kumgusa Bibi Mkubwa miguu kwa heshima. Mkuu wa ghala aliposikia kwamba mkuu wa upakiaji anavishwa shali, alimjia Mrunal amenuna.

"Binti, mimi sina mabega?"

"Mjomba, ni wafanyakazi bora tu."

"Ahaa. Kwa hiyo mimi ni mbaya. Sawa. Miaka ishirini na tatu, leo nimejua."

Akaongezwa. Alipoongezwa yeye, msaidizi wake akaugua ghafla kwa huzuni. Mganga wa familia ya bosi akaongezwa, diwani wa kata akaongezwa, na yule mwalimu wa yoga naye, ili Bi Sharvari asinune. Bosi alitia saini kila jina bila kusoma. Mpaka Ijumaa orodha ilikuwa na watu thelathini na mmoja. Mrunal alijaribu kuihamishia baada ya hotuba, na meneja wa utumishi, mgongo ukiwa umepona, akamtolea macho. "Unataka wakubwa wakae wakisubiri shali zao kama watoto wa shule? Hotuba itakuja baadaye. Hotuba haina pa kwenda."

Asubuhi ya siku yenyewe mzee Phadnis alifika saa tatu kamili, kofia nyeupe, fimbo mkononi, akakaa kiti cha jukwaani. Alikaa hapo saa moja na nusu mkosi ukipita. Saa nne na dakika thelathini na moja taa ikawashwa, utambi wa tatu ukakataa, mafuta yakaongezwa. Kisha shali zikaanza. Mrunal alisimama na maikrofoni akitaja majina haraka haraka kwa kadiri adabu ilivyomruhusu, lakini mpiga picha alitaka kila mtu arudie kutabasamu, na nazi ya kumi na saba ilidondoka ikaviringika mpaka chini ya meza, watu watatu wakaifuata kwa magoti. Diwani aliomba aseme maneno mawili, akasema dakika ishirini na mbili. Mrunal aliitazama saa ya ukutani. Kila akiitazama, Jumamosi zake zilikuwa zimepungua.

Shali ya mwisho ilivishwa saa sita na dakika thelathini na tano. Bibi Mkubwa alikuwa na kisukari na alikula saa saba kamili, siku zote, hata kwenye harusi ya mwanawe. Hakuna aliyegusa chakula kabla yake. Na yeye hangetoka ukumbini kabla wimbo wa taifa haujapigwa, maana ndivyo shughuli inavyofungwa, na baada ya wimbo hakuna mtu anayesema tena neno. Zilibaki dakika ishirini na tano. Mzee alihitaji saa nzima.

Mrunal aliinama sikioni mwa mzee akimsaidia kusimama. "Baba, muda umekwisha. Nakuomba anzia pale mkeo alipoanguka. Anzia hapo hapo."

Mzee alimtazama kwa mshangao. "Siwezi kuanzia hapo, mwanangu. Nikianzia hapo siwezi kusema. Lazima nipande polepole ndipo nishuke."

"Basi panda haraka, baba."

"Nitajaribu," alisema, na macho yake yalikuwa ya mtu mwema kabisa.

Hakuweza. Alikuwa na njia moja, na aliipita kama alivyoipita siku zote. Alieleza karakana ya kwanza, yenye paa la bati. Alieleza mashine ya kwanza. Alieleza Diwali ya mwaka wa tatu, na harusi ya dada yake, na homa aliyofanya nayo kazi siku kumi na moja. Bwana Ketkar aliandika mpaka kalamu ikakwaruza. Macho yake yalikuwa yamelowa. Mrunal aliona vizuri daftari lile kutoka pale alipokuwa, na juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, bosi alikuwa ameandika: JUMAPILI.

Saa saba kasoro dakika nne kikaratasi cha kwanza kutoka kwa bosi kilimfikia: "Amalize." Mrunal alikikunja akakificha kiganjani. Saa saba kamili kikaja cha pili: "Mama anasikia kizunguzungu." Hicho nacho akakikunja. Alijua analofanya, na alijua halimsaidii. Akamtazama bosi, akainua vidole vitano kuomba dakika tano, kitu ambacho hakuna mfanyakazi aliyewahi kumfanyia Bwana Ketkar mbele ya watu. Bosi alimtazama kama anatazama kiti kilichozungumza.

"Hata siku moja sikupumzika," mzee alikuwa anasema, na sasa sauti yake ikaanza kushuka, ile sauti ya maktabani. Mrunal akaitambua, akashika ukingo wa meza. "Hata moja. Mpaka mwaka wa ishirini na sita. Jumapili hiyo, mchana..."

Bosi hakumtazama Mrunal tena. Alimtazama mzee Pagare nyuma ya vipaza sauti, akainua kidole kimoja. Na Pagare, ambaye kazi yake ni kuwasha na kuzima, akawasha.

Wimbo wa taifa ukajaa ukumbini. Viti mia mbili na arobaini vikakwaruza sakafu. Bwana Phadnis alifunga kinywa, akaegemeza fimbo mezani, akanyooka kwa heshima kama raia mwema yeyote, machozi aliyokuwa ameyapandisha kwa dakika ishirini na tano yakimshuka mashavuni. Watu wakadhani ni uzalendo. Mrunal alisimama naye, mikono imenyooka ubavuni. Huwezi kusogea wala kupiga kelele wimbo huo ukipigwa. Ulipokwisha, makofi yalilipuka na Bibi Mkubwa akaongozwa kwenda kula.

Mrunal hakukata tamaa hapo hapo. Alihakikisha mzee anakaa karibu na bosi mezani, akamnong'oneza, "Baba, mwambie yaliyobaki. Hapa hapa." Mzee alijaribu, Mungu shahidi.

"Bwana Ketkar, sikumaliza. Yale niliyosema ni ujinga wangu..."

"Ona unyenyekevu huu!" bosi aliwaambia waliozunguka meza. "Mtu amejenga kiwanda cha watu elfu tatu, anajiita mjinga. Baba, umenifumbua macho."

"La, nisikilize, mke wangu..."

"Mkewe naye aliteseka pamoja naye," bosi alisema. "Ndio wake wa zamani hao." Bibi Mkubwa, sukari ikiwa imetulia, akaanza kumuuliza mzee kama ana undugu na akina Phadnis wa Miraj, akamwekea mtindi mtamu wa shrikhand kijiko cha tatu juu ya mkate wa puri. Saa nane mzee alikuwa anasinzia kwenye kiti. Dereva akampeleka nyumbani kama walivyoahidiana.

Jumatatu Mrunal aliitwa. Alikuwa ameandaa maneno usiku kucha, na aliyasema yote akiwa amesimama. Alisema hotuba ile ilikatwa katikati. Alisema yeye aliisikia nzima, na mwisho wake ni kinyume cha mwanzo wake. Kwamba mke alikufa, kwamba kiwanda kilifungwa siku mbili kila wiki, na kwamba uzalishaji ulipanda.

Bosi alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilimtia matumaini.

"Mrunal," alisema kwa upole, "mimi nilikuwa pale. Niliandika kwa mkono wangu. Unaona popote hapa palipoandikwa kupumzika?" Akamgeuzia daftari. "Mtu akishapenda uvivu, hata hotuba ya shujaa anaisikia vibaya."

"Mpigie simu, bosi. Muulize mwenyewe."

"Nani amekutuma?"

Mrunal alitafuta jibu kwa kweli. Hakuna aliyemtuma.

"Andika tangazo," bosi alisema. "Kuanzia mwezi ujao, kila Jumapili nusu siku, saa mbili mpaka saa saba. Sheria hairuhusu kuwalazimisha, kwa hiyo andika kwa hiari. Majina ya wasiojitolea yabandikwe kantini. Na idara yako ndiyo itafungua lango na kushika daftari la mahudhurio, wewe mwenyewe, maana meneja ana mgongo." Kisha akatabasamu, na tabasamu lile lilikuwa la shukrani ya kweli, hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Na chini uandike, kwa pendekezo la Bi Mrunal Dhamdhere. Wewe ndiye uliyemleta. Sitaki sifa zako zipotee."

Aliandika. Kwenye ngazi akina mama wa uhasibu walikuwa wanapanda, na habari ilishawatangulia. Walijibana ukutani kumpisha, macho yao kwenye ngazi. Ninad alimtazama kutoka kwenye kimeza chake cha kantini, akatikisa kichwa, akaugeukia ukuta. Mrunal alitaka kumwambia kwamba yeye ndiye aliyepoteza kuliko wote, lakini aliona aibu, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na Jumapili yake.

Saa kumi na mbili jioni, tangazo likiwa kwenye skrini bado halijachapishwa, alipiga simu kijijini. Mama yake alimpa mtoto.

"Revati, mwanangu. Zile siku mbili nilizokuambia... Mama hataweza kuja. Na Jumapili pia, kwa sasa, mama atakuwa kazini."

"Sawa," Revati alisema.

Mrunal alisubiri kilio. Alikuwa amejiandaa nacho, ameshafungua mlango wa ofisi kuhakikisha hakuna mtu karibu. Alisikia mtoto anapumua, na nyuma yake kuku, na ndoo inawekwa chini.

"Umenielewa, mwanangu? Sitakuja mwezi huu."

"Nimeelewa. Sikuwa nasubiri." Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtoto anayeeleza kwamba ameshakula. "Bibi alisema kusubiri kunaumiza tumbo, nikaacha. Nikupe bibi?"

Safari zote zile pale stendi Mrunal alikuwa ameomba mtoto wake apunguze kulia. Sasa angetoa chochote amsikie analia. Alifungua kinywa amwambie asubiri, amsubiri tu kidogo, na akaona hana haki ya kuomba hilo, kwa sababu hakujua asubiriwe mpaka lini.

"Mama? Nikupe bibi? Wenzangu wananingoja nje."

"Nenda kacheze," Mrunal alisema.

Mtoto aliiweka simu chini bila kuikata. Mrunal alisikia miguu yake ikikimbia uani, kisha mlango, kisha watoto wakicheka. Aliendelea kushika simu sikioni mpaka mama yake alipoiokota na kuuliza kama bado yupo.